Dakika Moja na Nusu za Sidsel

Kwa watu wengi, Torkild Nørlund alikuwa mzee wa televisheni. Tamthilia yake ya polisi ilidumu miaka tisa, na hadithi yake ya Krismasi, ile ya sehemu ishirini na nne, moja kila jioni ya Desemba, ilirudiwa hadi waliokuwa watoto wakaitazama na watoto wao. Huko Lemvig, mji wa Denmark alikozaliwa, mwoka mikate alimwita kwa jina la kibwengo wa hadithi hiyo. Hakuchukia. Lakini akijipima mwenyewe, alijihesabia kazi moja tu: filamu yake ya kwanza, aliyoiongoza mwaka 1978 akiwa na miaka thelathini na moja. Na katika filamu hiyo, dakika moja na nusu za mwisho.

Mwanamke amekaa jikoni na barua mkononi, analia. Basi.

Aliyecheza ni Sidsel Bredahl. Mama yake alikuwa amezikwa wiki mbili kabla, na Torkild alilijua hilo, kwani alikuwa kanisani. Siku ya kupiga picha, Sidsel alianza kulia kama walivyofanya mazoezi, kisha kilio kikamponyoka, kikawa chake mwenyewe. Akainua mkono kuelekea kamera.

Kwao Denmark, mwongozaji hapigi kelele kusimamisha kamera. Husema asante, kwa sauti ya kawaida, na kila mtu hushusha mikono. Torkild hakusema. Alisimama kando ya kamera na midomo imefungwa, mpaka mkanda ukaisha wenyewe. Wafanyakazi wote walikuwa wakitazama sakafu.

Filamu ilipata tuzo. Wakosoaji waliandika kuhusu uso ule kwa miaka. Sidsel alimaliza siku mbili za kazi zilizobaki, akarudisha nguo za filamu zikiwa zimepigwa pasi, akarudi zake kwenye jukwaa la maigizo mjini Odense. Hawakuonana tena. Torkild naye, katika miaka yake yote ya televisheni, alikuwa mwepesi wa kusema asante kupita waongozaji wote. Waigizaji walimtania kwamba huwashukuru kabla hawajaanza.

Alipofika miaka sabini na miwili, aliambiwa filamu ile itasafishwa na kuonyeshwa upya, na kilichosubiriwa ni sahihi yake tu. Kalamu alikuwa nayo mkononi. Hakutia sahihi. Jumapili akapanda treni mpaka Svendborg, alikoishi Sidsel.

Sidsel alipofungua mlango, mdomo wa Torkild ulitangulia akili.

"Asante kwa siku ile," akasema, kwa mazoea, kama kwao kila mtu amwambiavyo mwenzake wanapokutana tena.

Nywele za Sidsel zilikuwa nyeupe, zimekatwa fupi.

"Siku ipi, Torkild? Maana mimi ninayo moja tu."

Sidsel akamwambia basi avue viatu, bwana mkubwa, hapa si studio.

Walikunywa kahawa, wakala mkate na jibini. Walizungumza kuhusu maumivu ya nyonga, na kuhusu wenzao waliokwisha kufa, ambao walikuwa wengi. Hatimaye Torkild akaeleza kilichomleta: filamu haitatoka mpaka yeye Sidsel aseme. Akitaka, zile dakika zitaondolewa. Alisema hivyo huku moyoni akiomba aambiwe aziache, na aliona kabisa kwamba Sidsel amelitambua hilo.

"Sijawahi kuitazama," Sidsel akasema. "Nionyeshe."

Jumanne walikaa bega kwa bega katika chumba cha kuhariri mjini Copenhagen, na mhariri, msichana mtulivu aitwaye Jytte, akiwa mbele yao. Sidsel aliitazama filamu yote bila kutikisika. Ilipofika jikoni, kwenye barua, akafumba macho. Kisha akayafumbua.

"Nikiinua mkono pale," akamwambia Torkild polepole, "sema ulichopaswa kusema."

Mwanamke wa kwenye skrini alianza kulia. Torkild aliijua kila pumzi yake. Alijua pia kitakachofuata: kidevu kitakavyotetemeka, macho yatakavyomtafuta mtu nyuma ya kamera na kumkosa. Hakuwahi kutengeneza kitu kizuri kuliko hicho, na hicho hakukitengeneza yeye.

Mkono ukainuka.

"Asante," akasema. Akarudia. "Asante, Sidsel."

Jytte akasimamisha mashine. Mkono ulibaki hewani.

"Iishie hapo," akasema Sidsel.

Jytte aligeuka kumtazama mwongozaji. Torkild akaitikia kwa kichwa.

Filamu ilipoonyeshwa upya, mashabiki wake wa zamani waliandika barua za hasira. Wakauliza ni nani aliyeuharibu mwisho ule. Torkild alizijibu kwa mkono, moja moja, kwamba ni yeye, na kwamba alichelewa miaka arobaini na moja.

Majira ya kuchipua walikutana katika mazishi ya mpiga picha wao wa siku zile. Torkild alisimama nje ya kanisa, kofia mkononi, akihofia kinywa chake. Sidsel alikuja moja kwa moja akampa mkono.

"Asante kwa siku ile," akasema.

Wakaingia ndani, wakaketi benchi moja.