Uzi Mwekundu kwenye Pembe ya Shuka

Shuka lililokunjwa kabla halijakauka lina harufu yake, uvundo mzito unaokaa puani hadi adhuhuri, na kila ninapoisikia namkumbuka shangazi yangu kwa ubaya. Sioni haya kusema hivyo. Nilikuwa na miaka tisa, nimeletwa Dar es Salaam kutoka Newala ili nisome, na shangazi, dada yake baba, alikuwa akikaa Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, katika nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati na uani nyuma. Sisi tulipanga vyumba viwili. Mumewe aliendesha lori la mizigo kutoka bandarini hadi Zambia, kwa hiyo mara nyingi tulikuwa watatu tu: shangazi, mimi, na binti yake Sharifa aliyekuwa na miaka kumi na miwili. Masika yalikuwa yameanza, na wakati wa masika nguo zilishinda kwenye kamba za koridoni siku mbili, tatu, bila kukauka.

Kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa matandiko. Shangazi hakuwa na mchezo katika jambo hilo. Godoro langu la sufi, nililolalia chini, lilipaswa kukunjwa na kusukumwa uvunguni mwa kitanda cha Sharifa kabla ya chai. Mashuka ya kila siku yalikaa kabatini, kila foronya ikiwa ndani ya shuka lake ili zisipotezane, na mablanketi yalikaa chini kabisa. Yale ya wageni, meupe, yaliyotariziwa maua pembeni, yalilala kwenye sanduku la bati pamoja na karafuu zilizofungwa kwenye kitambaa. Ukikosea kulinganisha pindo, shangazi alilikung'uta shuka lote na kukurudishia uanze upya. Ili tusichanganye, alikuwa ameshona alama kwenye pembe: mashuka ya Sharifa yalikuwa na uzi mwekundu, yangu uzi wa bluu. Nakiri niliupenda utaratibu huo, na mpaka leo kabati langu limepangwa vilevile.

Sharifa alikuwa kikojozi. Nililijua hilo tangu wiki ya kwanza, kwa kuwa mimi ndiye niliyetandua. Na mtaani kwetu kikojozi alikuwa na adhabu yake: hubebeshwa godoro kichwani, akapita nalo korido nzima mpaka uani, watoto wa nyumba wakimfuata nyuma wakiimba na kupiga makopo. Asubuhi moja nilirudi kutoka bombani na ndoo yangu, nikakuta godoro langu, nililoliacha kavu, limelowa, na shangazi amesimama juu yake.

"Zuhura, umekojoa," alisema, kwa sauti ya kusikika vyumba vya jirani.

Nililishika shuka bichi lililotandazwa juu ya godoro. "Shangazi, hili lina uzi mwekundu. Ni la dada Sharifa."

Alinizaba kofi. Halafu akanitwisha godoro mwenyewe, na mlango wa korido akaufungua mwenyewe. Sharifa alikuwa amekaa kitandani, kanga mpaka kidevuni, anaangalia ukuta. Jioni ile, nikiwa nachambua mchele, nilimwona shangazi akifumua nyuzi za pembeni kwa wembe, shuka moja baada ya jingine, na kushona upya. Tangu siku hiyo uzi mwekundu ukawa wangu, ili maneno yangu ya asubuhi yaonekane uongo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa amekosea. Alijua vizuri sana nani anakojoa, na alikuwa amenichagua mimi.

Nilibeba lile godoro mara nane. Shuleni waliniita Kikojozi mpaka mwalimu mmoja akadhani ndilo jina la baba yangu. Kilio kilikwisha mara ya tatu, na baada ya hapo nilikuwa na hasira tu, hasira iliyotulia, ya mtoto anayejua kwamba siku yake itafika. Iliyoniletea siku hiyo ni mvua, maana barabara ya Tanga ilikatika, na wifi yake shangazi, Bi Mwanaidi, aliyekuja kusalimia mara moja, akalazimika kubaki wiki nzima. Shangazi alimwogopa mama yule kuliko mtu yeyote duniani, kwa kuwa alikuwa na mdomo mpana na hakuamini kama kaka yake alioa mke wa maana. Alifika wakati mimi napita na godoro. Alinitazama, akasonya.

Shangazi alipanga mgeni alale peke yake kwenye kitanda cha Sharifa, na Sharifa ahamie kwake. Mimi nikatumwa kutoa mashuka ya wageni sandukuni. Niliyatandika yale meupe kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia tena maishani, nikayanyoosha mpaka maua yakakaa sawasawa mchagoni. Kisha nikamwendea Bi Mwanaidi alipokuwa akisuka ukili, nikamwambia kwa adabu kwamba dada Sharifa anatamani kulala naye ila anaona haya kusema. Mama wa watu alifurahi mno.

"Huyo mtoto anapiga mateke usingizini, wifi," shangazi alijaribu.

"Na anipige. Si mtoto wa kaka yangu?"

Lilikuwepo tikiti maji mezani. Nilimkatia Sharifa kipande kikubwa kuliko vyote, nikamwongezea na changu.

Asubuhi Bi Mwanaidi alitoka koridoni na kanga yake imelowa, shuka la maua mkononi, akalitandaza mbele ya shangazi na mbele ya wapangaji wote waliokuwa wakisubiri bafu. "Kikojozi wako ni huyu mkubwa," alisema. "Sasa yule mdogo mnayemtwisha godoro, amewakosea nini?" Uso wa shangazi ulinywea. Akasema eti mimi nilipanda kitandani alfajiri, wapangaji wakacheka. Nami nilicheka, waziwazi. Nililipia kicheko hicho. Kabla masika hayajaisha nilirudishwa Newala na vitu vyangu kwenye mfuko wa salfeti, na barua kwa baba kwamba mtoto anakojoa, hafai kukaa na watu. Mama aliamini. Kijiji kizima kiliamini.

Nyumba ile imeshabomolewa. Siku hizi pale pamesimama ghorofa, na chini yake, palipokuwa korido yetu, kuna fremu za wauza mashuka ya seti ndani ya nailoni. Nina nyumba yangu Tabata, na wanangu wakikojoa tunaanika godoro bila maneno. Mwaka jana shangazi, mjane sasa, alikuja kukaa kwangu kwa ajili ya kliniki. Tukiwa mezani aliwachekesha wanangu: "Mama yenu huyu, godoro lake lilikuwa halikauki."

Nilichukua simu nikampigia Sharifa, aliyeolewa Mwanza, nikaweka sauti ya juu. "Dada, niko na mama yako na wanangu. Waambie, kule Sikukuu nani alikuwa anakojoa kitandani?"

"Mimi," alisema. "Mama anajua. Zuhura hajawahi hata siku moja."

Watoto walipoondoka, shangazi aliendelea kuitazama sahani yake. Hakuomba radhi. "Yule alikuwa mtoto wa kike wa kuolewa hapahapa mjini," alisema. "Wewe ulikuwa wa kurudi kwenu."

"Kwetu nako kulikuwa na watu, shangazi," nilimjibu.