Shofere alinigonga, nikakula bukari ya mama yake, basi banasema mambo iliisha

Bakubwa bangu ba humu ndani, ba mama, ba papa, na beye benye kusomaka tu bila kujibu, jambo yenu bote.

Miye ni mama ya Lubumbashi, kule Katuba. Kusoma nilisomea mu masomo ya mangaribi, kisha batoto kulala, basi kama herufi zinapotea munivumilie. Lakini yenye naandika hapa, Mungu iko ananiona, haina bongo, ni kweli tupu.

Asubui moja nilikuwa natoka ku misa, chapelet yangu ya rozari ingali mu mukono. Nilisimama pembeni ya barabara, ata sikuanza kuvuka. Taxi-bus moja ikakimbia shimo, ikapanda mupaka pale nilisimama.

Kufungua macho, niko ku lopitali.

Mukono ya kuume ilivunjika pale inakunjikaka. Munganga akasema kufunga tu haitatosha, inaomba operation, batie chuma ndani. Bila ile, mukono itabakia kuninginia. Na miye napikaka mikate ya kuuzisha, batoto banasomea mu ile mikate. Operation sikuwa na uwezo yake. Ni asiransi ya ile taxi-bus, bima yake, njo ilipashwa kulipa.

Mushike ile, juu njo kila kitu.

Sasa, munajua lopitali zetu: chakula ni familia njo inaletaka. Bwana yangu anafanyaka kazi ku makamyo, na siku ile alikuwa amekwama Kasumbalesa mu mustari ya mpaka. Binti yangu Ruth alikuwa anabakia na badogo. Nikalala na njaa, nalia pole pole bajirani basisikie.

Njo mama moja akaingia, kitambaa ku kichwa, chungu yake imefungwa na kitenge.

— Mama, pole. Miye ni Mama Zaina, mama ya ule shofere. Mwana iko ku cachot ya polisi. Sikuje kuomba kintu. Ukule tu.

Ni Muislamu, babu yake alitokaka Maniema. Akafungua: bukari ya moto, ule ugali wetu, matembele, na samaki. Akaangalia mukono yangu ginsi ilifungwa, akanawa yake. Akakata tonge, akaloweka mu muchuzi, akaniletea mu kinywa sawa mutoto.

Bakubwa, nilikula na machozi.

Kesho akarudia. Kesho ingine pia. Ananiosha mugongo, ananisuka nywele. Saa yake ya kusali anatandika mukeka pembeni ya kitanda, miye nazungusha chapelet. Mugonjwa moja wa pale akasema: "Kwa ba mama hawa Mungu hana pa kujificha, banamufunga pande zote mbili!" Tukacheka mupaka mukono ikaniuma.

Kumbe niko nafanya kosa.

Papa Donatien, kaka mukubwa ya bwana yangu, akafika, akaona chungu. Kwetu, muntu akikukosea, kisha ukakula chakula yake, maana yake umemusamehe, mambo imekufa. Hauombi tena kintu. Miye nililijua vizuri, lakini njaa na ule upendo vilinisahaulisha.

— Shemeki, ulikula?

— Nilikula, papa.

— Na samaki?

— Na samaki.

Akashika kichwa. "Eh Mungu! Ata kama ungeacha samaki!"

Sasa nacheka. Siku ile sikucheka.

Nikatoka lopitali, mukono ingali imevunjika. Tukaitwa ku polisi, juu bila karatasi yao asiransi haifungue dossier, ile faili ya kulipa. Patron, mwenye taxi-bus, hakutaka dossier iende. Alijua gari itafungiwa pale polisi muda yote mambo inatembea. Njo akatafuta njia ya kutumaliza.

— Chef, huyu mama alisha kutusamehe. Alikula bukari yetu, ata hakubakisha makoko! Uandike kama tulipatana, turudi ku kazi.

Chef akaniangalia.

— Mama, ni kweli ulikula?

Ningesema nini? Bongo siwezi, natoka kukomunika ku misa ya Siku ya Mungu. Nikajibu: "Nilikula." Papa Donatien akainamisha kichwa. Nikaona operation yangu inapotea vile.

Mama Zaina alikuwa amekaa ku banc, pembeni ya mwana yake, balikuwa bamemufungua juzi. Patron alisha kumuambia: ukinisaidia, mwana anaendelea na gari yangu. Ukikataa, atafute ingine. Nilijua ile, alinielezea. Sikumuangalia, sikutaka nimulazimishe na macho.

Akasimama mwenyewe.

— Chef, ile bukari haikuwa ya patron. Unga ni yangu, makala ni yangu. Hakuna muntu alinituma. Mwana yangu alivunja mukono yenye ilikuwa inalisha batoto. Basi mukono yangu, nilimukopesha. Mukono ya kukopesha hailipe deni ya muntu.

Chef akashika kalamu.

Kisha mwana yake akasema pole pole: "Chef, mama ana haki. Muandike ginsi nilimugonga."

Dossier ikaenda. Kuenda na kurudi ilikuwa mingi, kuna siku nilitembeaka mupaka viatu vikakatika. Lakini asiransi ikalipa operation. Si yote niliomba, lakini chuma iko ndani. Mukono hainyoloke muzima, lakini inapika mikate.

Mwana ya Mama Zaina alifukuzwa siku ileile ya ku polisi. Bwana yangu, mwenye alikuwa na hasira naye sana, njo alimutafutia kazi ku makamyo. Beko bote bawili Kasumbalesa.

Fundisho yangu: ukigongwa, usikubali kupatana mupaka munganga amalize kusema mukono yako iko namna gani. Na ukikula kwa muntu, sema mbele ya bantu ni chakula ya nini. Lakini siwezi kukuambia ukatae. Ningekatalia ile chungu, ningepata dada wapi?

Kwenu bukari ya namna hii banaitaka ginsi gani? Muniandikie, nitasoma yote, ata ya kunigombeza.

Naacha pale, Mama Zaina ananiita. Maji imechemuka. Yeye anashika chungu, miye nasonga bukari, juu nguvu ya kushika chungu mukono yangu haijarudisha.