Mokeira na Mtoto Asiyelia

Mokeira alipolazwa hospitalini kwa kifua kikuu mwaka wa 1965, binti yake Kemunto alikuwa bado ananyonya. Madaktari walikataza mtoto kuletwa karibu naye. Kemunto akalelewa na shangazi mmoja, akahamishiwa kwa mwingine, kisha kwa nyanya yake, kisha kwa jirani. Wote walimlisha vizuri, lakini hakuna aliyedumu naye.

Mokeira aliporudi kijijini kwake Nyaramba amepona, mtoto alikuwa anakimbia. Akamnyoshea mikono. Kemunto alimtazama kama anayetazama ukuta, akaenda zake.

Akianguka halii. Akibebwa anauma. Siku moja sokoni alimshika mkono mwanamume asiyemjua, akaondoka naye bila hata kugeuka.

"Huyu mrudishe kwa nyanya yake, wewe uzae mwingine," wifi yake Drusilla alimshauri.

"Sitamrudisha kwa mtu. Amezoea watu wa kumwacha, na wa kwanza ni mimi."

Tangu hapo alimfunga mgongoni kwa leso, mtoto mkubwa miguu ikining'inia, akaenda naye mtoni, kanisani, shambani kuchuma maua ya pareto. Wanawake walicheka. Mumewe, Onsongo, aliona haya.

"Mama Kemunto, watu wanasema."

"Waache waseme."

Kemunto alimuuma bega mpaka likavimba. Mokeira akahamishia fundo la leso bega la pili.

Msimu mzima ulipita hivyo. Kisha asubuhi moja, Kemunto akiwa amekaa karibu na Drusilla ukingoni mwa shamba, siafu walimpanda miguuni. Akapiga ukelele. Drusilla alimnyoshea mikono, lakini mtoto alimpita, akakimbia katikati ya pareto hadi kwa Mokeira, akamng'ang'ania shingo akilia kwa sauti. Mokeira alimtoa siafu mmoja mmoja, naye machozi yakimtoka. Hakumwambia anyamaze.

Mambo hayakunyooka mara moja. Alipoanza shule, Kemunto alijikojolea kila mlango wa darasa ulipofungwa. Mokeira akawa anakaa nje karibu na ua, akiambua maharagwe.

"Mama, nenda nyumbani," mwalimu alimwambia.

"Nitaenda akiniambia mwenyewe."

Likizo ya Agosti ilikuwa imekaribia Kemunto alipotoka darasani na kusimama mbele yake.

"Mama, nenda upike. Nitakuja na wenzangu."

Mokeira akajitwika ungo wake wa maharagwe, akaenda.