Dawa ya Minyoo Saa ya Uponyaji

Mamake Gedion Kiilu, akiulizwa na majirani huko Nuu kijana anafanya kazi gani, hujibu: "Anakaa na mashine." Hajakosea. Mashine yenyewe ni seva ya video, sanduku jeusi bapa lenye feni za kelele, lililofungwa kwenye rafu ya stesheni ndogo ya televisheni mjini Wote, juu ya duka la mbegu. Ndani yake mna vipindi, mahubiri na matangazo ya biashara. Inarekodi picha zinazoingia huku ikirusha nyingine, na ukiiachia foleni ya vipindi inaimaliza bila kusimamiwa. Haijawahi kuomba likizo. Gedion aliwahi kuomba, akaonyeshwa mashine.

Shida yake ilikuwa Jumapili. Alitaka kumwoa Kasiva, na Kasiva alikuwa tayari kitambo. Lakini babake Kasiva, Mzee Nthiwa, ambaye ni mzee wa kanisa kule Kathonzweni, alikuwa amekataa mbuzi wa ntheo. Bila mbuzi hao Mkamba hajaoa, hata awe na cheti cha serikali na albamu ya picha za harusi.

"Mimi sili mbuzi wa mtu sijawahi kumwona kanisani," Mzee alisema.

"Mzee, Jumapili niko kazini. Narusha ibada."

"Ya nani?"

Gedion akaangalia viatu vyake. Ibada ilikuwa ya Nabii Mutisya, ambaye hema lake pale Wote lilikuwa limemeza nusu ya washirika wa Mzee Nthiwa, pamoja na mpiga kinanda.

"Jumapili hii nikuone," Mzee akasema, "ama uende uoe hiyo televisheni."

Kasiva ndiye aliyepata njia. "Si ulisema hiyo kitu unaweza kuiendesha na simu?"

Ilikuwa kweli. Ukiwa na mtandao, unafungua ukurasa wa seva kwenye simu, unaona picha inayorushwa, na vitufe vyote viko pale: cheza, simamisha, rekodi, ongeza kwenye foleni. Nabii angekuwa hewani moja kwa moja kutoka hemani. Akitua kunywa maji, Gedion abonyeze mara moja, tangazo la dawa ya minyoo ya mbuzi licheze, kisha seva irudi kwa Nabii yenyewe. Kazi ya kidole kimoja. Bosi wake, Madam Nzilani, hakuambiwa, kwa sababu angekataa.

Kwa hiyo Jumapili Gedion aliketi benchi la mbele, simu ndani ya Biblia, kichwa kimeinama. Mzee Nthiwa alimtazama akaridhika.

Nabii alipoinua glasi ya maji, picha yake ikaganda kwenye simu. Gedion akabonyeza. Kimya. Chini ya mabati yale mtandao ulikuwa umekufa. Akabonyeza tena. Akabonyeza kama mtu anayeita lifti. Jasho likamtoka, na mama aliyeketi kando yake akamnong'onezea, "Usimzuie Roho, mwanangu."

Kisha mchungaji akasema watu wasimame wainue mikono. Gedion akainua wake juu kuliko wote, simu mkononi, akapanda hadi kwenye benchi. Mtandao ukarudi. Kila alichobonyeza kikafika Wote kwa pamoja, na kwa kila bonyezo seva, ambayo haijui kuuliza mtu kama ana hakika, ikaongeza tangazo moja kwenye foleni. Waimbaji wakamaliza, mikono ikashuka, na Gedion akavutwa shati ashuke nayo. Mtandao ukafa tena.

Alijua kilichotokea walipofika kwa Mzee kula chakula cha mchana. Mke wa Mzee alikuwa amebaki nyumbani kwa sababu ya mguu. Aliwapokea akiwa amenuna.

"Nabii ametuambia tuweke mikono kwa televisheni tupokee," akasema. "Nikaweka. Kufungua macho, nimeshika mbuzi anamiminiwa dawa mdomoni. Ikiisha, inaanza. Ikiisha, inaanza! Mpaka saa ya Nabii ikaisha."

Mzee Nthiwa aliweka kofia yake mezani. "Unaangalia Mutisya? Ndani ya nyumba yangu?"

"Ni mguu unaangalia."

Kabla Mzee hajaamua kama mguu unaweza kutengwa na kanisa, simu ya Gedion ikalia. Sauti ya Madam Nzilani ilijaza sebule.

"Gedion! Uko wapi?"

"Kanisani, Madam. Nimetoka."

"Nabii yuko hapa anataka kuvunja mlango! Na kuna watu wanapiga simu wanasema wamepona, sijui nimsikize nani! Kesho asubuhi uwe ofisini kwangu."

Akakata. Mzee Nthiwa alimgeukia Gedion polepole.

"Ni wewe ulifanya hivyo?"

"Ni mimi, Mzee." Kasiva alifunga macho.

"Ukiwa kwa benchi langu?"

"Ndiyo. Kwa simu. Samahani, Mzee, sikukusudi—"

"Wakati watu wanasifu?"

"Ndiyo, Mzee."

Mzee alivuta kiti akaketi. Akajimiminia chai mwenyewe, jambo ambalo nyumba ile haikuwa imezoea.

"Lete mbuzi Jumamosi," akasema. "Sasa niambie. Kuna nabii mwingine Kitui, anarushwa Jumatano jioni. Hiyo simu inamfikia?"

"Hapana, Mzee. Hiyo ni stesheni nyingine."

"Basi omba kazi huko."