Paneli Nane za Fundi wa Gulwe

Jumanne asubuhi nilikuwa napiga mswaki simu ilipoita. Alikuwa dada yake Fundi, niliyefanya naye kazi zamani, na hakuzunguka. "Kaka ametutoka," alisema, na mimi, ambaye wasomaji wangu mnanijua kwa mdomo usiopoa hata msimu wa baridi, nikabaki na povu la dawa kinywani nisijue niteme au nimeze. Fundi amefariki nyumbani kwao Gulwe, kwa presha, akiwa amekaa akingoja chai. Tumemzika Alhamisi. Kaburi lilichimbwa kwa shida kwa sababu ardhi ya kule wakati wa kiangazi ni ngumu kuliko moyo wa mkopeshaji, na kila sururu ilipogonga nilijisikia kama inanigonga mimi. Mtaelewa kwa nini.

Tulifanya kazi pamoja miaka sita katika karakana moja hapa Dodoma, ya kutengeneza paneli za zege lenye nyuzi za kioo. Mnaziona kila siku bila kuzijua: zile kuta nyembamba na mapambo yanayovalishwa majengo mapya ya mji huu, mpita njia akadhani ni jiwe la kuchongwa. Hazimwagwi kwa ndoo, zinapulizwa. Mashine inasukuma uji wa saruji kwenye bomba, bunduki ya kupulizia inautema, na juu ya bunduki hiyohiyo kuna kisu kidogo kinachokatakata nyuzi za kioo na kuzirusha zikutane na uji hewani, vyote vitue kwenye moldi, yaani kalibu ya paneli. Fundi ndiye aliyeshika bunduki. Mkono wake ulikwenda na kurudi, tabaka juu ya tabaka, sisi wa rola tukishindilia nyuma yake, na naapa angeweza kumpaka nzi anayeruka asidondoshe tone. Siku yangu ya kwanza nilimuuliza kioo kinatafuta nini ndani ya zege. Akacheka kicheko ambacho nadhani Kongwa walikisikia. "Kwani huko kwenu Busi mnakandika nyumba kwa maneno? Mama yangu alikandika tembe letu kwa udongo na majani. Udongo bila majani unapasuka. Hawa wamebadilisha majani tu, wakaongeza kelele."

Kazi yangu nyingine ilikuwa mizani. Kila asubuhi, kabla ya kupuliza chochote, bunduki inapulizia nyuzi peke yake kwenye mfuko kwa sekunde chache, kisha uji peke yake kwenye ndoo. Unapima mfuko, unapima ndoo, unaandika kwenye daftari. Hapo ndipo unapojua kama zege litakuwa na nyuzi za kutosha, maana paneli ikishakauka, yenye nyuzi na isiyo nazo zinafanana kama mapacha. Wakati huo nilikuwa baba wa watoto wawili na mwanafunzi wa kidato cha pili, darasa la jioni, nikikaa kwenye dawati lililonibana kama kiatu cha kuazima. Fundi akanibatiza jina la Msomi. "Mbukwa, Msomi!" angenisalimia kwa Kigogo chao. "Leo jua linazunguka dunia au dunia inazunguka jua? Tuambie tujue pa kuanika nguo."

Ikaja wiki ya mitihani. Asubuhi moja nilifika nimechoka, Fundi akiwa nje akikagua moldi, nikaona taabu ya mifuko na ndoo ya nini. Nikafungua daftari nikanakili vipimo vya jana yake. Nilipomwambia, "Tayari, Fundi," hakuuliza, akaanza kazi. Tukapuliza paneli nane za kuvalisha mbele ya wodi ya wazazi iliyokuwa ikijengwa upande wa Kongwa, zile za kukaa juu ya mlango. Kumbe kisu cha bunduki kilikuwa kimelika, nyuzi zinatoka kiduchu. Kesho yake, tulipokuwa tunatoa paneli ya kwanza kwenye moldi, kona ikamegeka mkononi kama biskuti. Fundi akalitazama lile pande, akalisogeza juani. "Nywele ziko wapi?" Akaomba daftari. Akasoma taratibu, kisha akanisogelea akasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Msomi, jana na juzi mizani imesema neno lilelile?"

Msimamizi alifika, lori likiwa limeshaingia getini. Akazigonga zilizobaki kwa kidole. "Saba nzima hizi. Pakieni." Fundi akasema, "Haziendi. Pale mlangoni watapita kina mama na watoto mgongoni." "Nani amekuuliza wewe?" Fundi akachukua nyundo, akazivunja zote saba, moja baada ya nyingine, bila hasira, kama mtu anayepasua kuni. Msimamizi akafoka: nani aliyeharibu kazi hii? Mimi nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Nilitazama viatu vyangu. Fundi akaningoja. Wasomaji wangu, aliningoja kweli, nasema hivi bila chumvi. Alipoona siinui uso, akasema, "Bunduki nilishika mimi."

Wakamnyang'anya bunduki siku hiyohiyo, wakampeleka kusugua moldi, na huko akabaki mpaka alipoacha kazi. Hakunisema kwa yeyote, lakini msidhani alikuwa malaika. Mwezi mzima hakunisalimia, na kila asubuhi alikuja kusimama nyuma yangu nikipima, bila neno, mpaka mizani itulie. Nilipomaliza kidato cha nne nikafanya sherehe ndogo, naye akaja. Wakamwomba aseme lolote. Akasimama: "Huyu bwana siku hizi anajua sana kusoma mizani." Watu wakacheka, mimi nikainama nikajifanya natafuta kijiko.

Alhamisi, baada ya mazishi, mwenzetu mmoja wa zamani alisema mbele ya waombolezaji, kwa wema kabisa, kwamba marehemu alikuwa fundi hodari ila kuna siku aliharibu paneli nane. Mtoto wa kiume wa marehemu akatazama chini. Kisha nikaitwa mimi, ambaye siku hizi ni mtu wa gazeti, niseme kwa niaba ya wafanyakazi. Nikasimulia vichekesho vyake, watu wakafuta machozi huku wakitabasamu, nikakaa. Mara ya pili nimenyamaza, safari hii hata yeye hayupo wa kuningoja.

Mji wetu unajengwa kwa kasi, na kila jengo lina uso wa kupendeza na jina la mkubwa aliyelizindua. Waliokataa kazi mbovu isipande ukutani hawaandikwi popote. Tena wengine, kama huyu, wanaandikwa kwa kosa la mtu mwingine. Tumezoea kusema marehemu hasemwi kwa mabaya, tukadhani hapo tumemaliza deni. Nimejifunza nikiwa nimechelewa kwamba kumlilia mtu huku umekalia heshima yake ni kumwibia mara ya pili. Zile paneli niliziharibu mimi. Jumamosi nakwenda Gulwe na gazeti hili, nimsomee mwanawe kwa sauti, mbele ya wale wale waliosikia Alhamisi.