Nelius na Jina la Nyanya

Nelius wa soko la Ishiara alikuwa na mdomo, lakini mimi niliyeuza ndengu kando ya kibanda chake cha chakula nasema wazi: sijaona mama wa kumfikia.

Mwaka wa 1998 bintiye Ciarunji, aliyekuwa kidato cha tatu, aliacha kula. Uji aliumwaga nyuma ya choo. Alibaki mifupa, na bado akalalamika kwamba amenenepa. Sisi majirani, wajuaji wa kila kitu, tulisema ni maringo. Kithaka, mumewe Nelius, alikuwa na lake. Msichana alipewa jina la mama yake Kithaka, kama ilivyo desturi, na tangu azaliwe baba yake alimwita "Mama". Sasa yule nyanya naye alikufa amekonda, akisukuma sahani.

"Jina ndilo linamvuta," Kithaka akasema.

Wazee wakachinja mbuzi kumvua jina hilo, msichana akaitwa Regina, na Kithaka akaacha kumwita Mama. Nyama tulikula sisi. Yeye hakuonja.

Nelius akachoka na wazee. Alifunga kibanda, akampeleka bintiye hospitali Embu, na Kithaka akaburutwa pia.

"Huu ni ugonjwa, si maringo," daktari aliwaambia. "Watafiti ng'ambo wanachunguza damu za familia zenye ugonjwa huu. Inaonekana mtu anaweza kuzaliwa na mwelekeo wake. Jibu kamili bado, lakini wanalitafuta. Kwenu kuna mwingine aliyekuwa hivi?"

"Mama yangu," Kithaka akajibu. "Ni lile jina, daktari."

"Na Mwaniki je?" Nelius akamkata. "Ndugu yako wa Timau, si alikuwa anatupa chakula shuleni mpaka akarudishwa nyumbani? Yeye pia aliitwa Ciarunji?"

"Basi andika na Mwaniki," Kithaka akamwambia daktari.

Habari za damu peke yake hazishibishi mtu. Msichana alilazwa, na aliporudi, Nelius alikaa naye kila mlo bila kumgombeza, wateja wakingoja. Mdomo ule wote, na hakumgombeza! Nilimheshimu mpaka nikaona haya kwa yale niliyosema.

Mchana mmoja Ciarunji alikuwa ameikodolea macho sahani ya ndengu, mikono mapajani. Kithaka akaingia kutoka shamba, akavuta kigoda, akakaa karibu naye.

"Mama," akasema, "sogeza sahani tule pamoja."

Msichana akachukua kijiko. Nelius akainama kupuliza moto uliokuwa unawaka vizuri tu.