Kitambaa Kilichongoja Jibu

Simu ilinikuta ghalani kazini, nimebeba katoni ya sabuni. Alikuwa muuguzi wa zamu ya asubuhi, yule mpole, na kabla hajasema lolote aliniuliza kama nimekaa. Nikakaa juu ya katoni. Akaniambia mama mdogo amefariki saa mbili na robo, siku ya tatu baada ya upasuaji. Moyo ulishindwa. Nikamshukuru, sijui kwa lipi. Simu ilipokatika nilisema neno moja tu, peke yangu kati ya zile sabuni: "Nilimdanganya."

Naandika haya kwa sababu ndugu wengi wameniuliza alifikaje mpaka akakubali kupasuliwa.

Mama mdogo alikuwa fundi wa nguo za kike. Mtaa mzima ulimwita Mama Chaki, maana vidole vyake havikukosa unga wa chaki hata kanisani. Akiwa na jambo kubwa la maisha alikuwa na utaratibu wake. Alinunua kitambaa cha gauni lake mwenyewe, akakichora, kisha akakiacha mwisho wa meza bila kukikata. Kila akipita hapo aliomba. Akipewa ndiyo, alishika mkasi. Akipewa hapana, alipiga brashi, chaki ikatoka, na kitambaa akamuuzia mteja.

"Chaki naifuta," alikuwa akisema. "Mkasi nikishaupitisha, nitamwambia nini Mungu?"

Safu nzima ya maduka ilijua kuisoma ile meza. Kuna dereva wa lori aliyemposa, mtu mwema, mcheshi. Alikuwa akipita kila Ijumaa na kuchungulia.

"Mama Chaki, bado tu?"

"Bado. Mungu hana haraka kama hilo lori lako."

"Basi mwambie nimezima injini, namsubiri."

Alisubiri mwezi mzima. Ijumaa moja akakuta kitambaa kimepigwa brashi, kimekunjwa. Akavua kofia, akasema, "Nimeelewa, mama," akaondoka. Mama mdogo alilia siku ile, lakini hakukichora tena.

Mimi nilikuwa na miaka sita mama yangu alipofariki, na mama mdogo ndiye aliyenichukua. Nilipokuwa kidato cha pili nilimuuliza, "Na mimi nilikaa mwisho wa meza siku ngapi?"

Alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. "Wewe? Wewe nilikukata bila kuchora. Ndiyo maana umepinda hapa na pale."

Mwaka huu wakamkuta na uvimbe tumboni. Daktari alituketisha, akasema wazi: bila upasuaji ana miezi michache; kwa upasuaji anaweza kupona, ila moyo wake ni dhaifu na huenda usistahimili. Uamuzi ulikuwa wake. Siku hiyohiyo akanunua kitambaa cha buluu, akakichora, akakilaza mwisho wa meza. Kisha akaniita.

"Baba, safari hii sitaki kuomba peke yangu. Siku tatu, kila mtu kwake. Siku ya nne njoo tuambiane. Usiniletee unachotaka wewe. Niletee ulichopewa."

Siku ya kwanza niliomba kwa machozi. Ya pili usingizi ulinikamata nikiwa magotini, mke wangu akaja kuniamsha. Ya tatu nilimwomba Mungu anipe amani, akanipa kimya.

Siku ya nne nilimkuta amekaa kitandani na kikombe cha chai. Miguu ilikuwa imevimba, amevaa soksi zangu.

"Haya, baba. Umepewa nini?"

Nikazitazama zile soksi. "Amani, mama. Nenda tu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akanishika kichwa kama mtu anavyomshika mtoto. "Asante. Na mimi nimepewa hiyohiyo."

Akaenda. Ndipo ikaja ile simu.

Kesho yake asubuhi nilifungua chumba chake cha kazi kutafuta nguo ya kumzikia. Fundi viatu wa mlango wa pili akaingia nyuma yangu, nyundo mkononi. Mwisho wa meza kitambaa cha buluu kilikuwa kimefunikwa gazeti. Nikachukua brashi.

"Unataka kufanya nini?" akauliza.

"Kufuta chaki. Sitaki kuiona."

"Chaki ipi? Hebu funua kwanza."

Nikafunua. Kitambaa kilikuwa kimekatwa. Siyo kukatwa tu. Mabega yameungwa, mikono imeshonwa, vifungo vimekaa mahali pake. Limebaki pindo la chini.

"Amekata lini?"

"Siku ya pili ya hayo maombi yenu. Nilisikia mkasi, nikaja kumtania. Nikamwambia, mbona leo jibu limewahi? Akasema limewahi. Nikamwambia, sasa kwa nini unamtesa kijana wa watu kwa maombi ya siku tatu?" Akafuta pua kwa mkono wa shati. "Akacheka. Akasema, 'Atakuja kuniambia ana amani hata kama hana. Namjua. Lakini siku zote tatu atakuwa anaongea na Mungu, na hilo ndilo nalitaka.'"

Nikamweleza uongo wangu, wote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulidhani wewe ndiye uliyempeleka hospitali? Wewe? Hata soli ya kiatu chako nakuchagulia mimi!"

Tulicheka, kisha tukalia, wanaume wawili wazima mbele ya cherehani.

Pindo nilishona mwenyewe. Mama mdogo alinifundisha nikiwa mtoto, nikaacha kwa kuogopa kuchekwa shuleni. Bado sijui kwa nini Mungu alimpa ndiyo iliyoishia pale. Nimemuuliza, na bado namuuliza, ila sasa namuuliza bila kujificha.

Tulimzika Jumamosi saa nne asubuhi. Mchungaji alisoma, akaomba kwa ufupi. Dereva wa lori alikuja, kichwa chote mvi, akasimama nyuma na kofia mkononi. Kabla jeneza halijafungwa nililinyoosha gauni la buluu tulilomvika. Upande wa kushoto pindo lilikuwa limepinda, nikaliacha. Nikasema, "Kwaheri, mama." Fundi viatu akasaidia kufunga kifuniko. Tukamshusha, tukatia udongo mpaka kaburi likajaa, tukaimba wimbo mmoja, tukarudi nyumbani.